Hapanuki Wala Hapanukii

4 Februari

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe, na pasi zako nazisalimu. Goti linasemaje? Mdogo wako, huyu mume wangu, anasema liliuma mwezi mzima na ukakataa kukaa chini, nikamwambia huo ndio ukoo wenu, hamkai mpaka muangushwe. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Yeye anatengeneza friji za watu mtaa mzima huku ya kwetu inanguruma jikoni na hakuna anayeijali. Binti mkubwa amepata nafasi chuo cha ushonaji. Kitinda mimba ameng'oka jino la mbele na kila anayepita mlangoni lazima aonyeshwe pengo.

Usishangae kupata barua kutoka kwa mtu mwenye simu. Spika ya simu yangu imeharibika, halafu mambo ya vipimo yanataka karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kusafisha ile shule ya chekechea. Tangu mwaka jana kifua kinanibana. Daktari alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamtajia blichi, dawa ya sakafu, dawa ya vioo na dawa ya choo. Akaweka kalamu chini. Akasema niache hizo dawa au niache kazi, na nisipochagua, kifua kitanichagulia. Mdogo wako ameshachagua kwa niaba yangu, anataka nikae nyumbani. Mimi nimekata kauli kwamba siachi. Naipenda ile kazi, wifi, na nasema bila haya. Naingia meza zote zina rangi na gundi, natoka kila kitu kimerudi mahali pake, na siku hiyo najua nimefanya nini.

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba anikubalie nitumie vitu nitakavyotengeneza mwenyewe nyumbani, vya jikoni, visivyowasha koo. Vyoo mwenzangu wa kazi amekubali kuvichukua na dawa zake, maana vyoo vya watoto sivifanyii majaribio. Mimi nitachukua madarasa yake mawili juu ya matatu yangu. Mwalimu mkuu amenipa mpaka mwisho wa Juni. Madarasa yakiwa safi kama zamani, nabaki. Yasipokuwa safi, nimemwaga unga. Mkaguzi ni msimamizi wetu wa usafi, tunamwita Mama Pua, kwa sababu macho hayatumii. Anasimama mlangoni, anavuta hewa, ameshamaliza kukagua.

Wewe ni dobi wa miaka thelathini, na nasikia ulianza kabla ya hizi chupa za rangirangi. Niandikie unavyofanya. Usinifiche kitu.

Wifi yako,
Mbishi


2 Machi

Wifi Mbishi,

Umeniita mzee kwa adabu, "kabla ya hizi chupa", nimekuelewa vizuri. Goti lipo, limeshazoea kuishi nami. Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumba ya wageni ninayoifulia ilipata watu wa mkutano, na mashuka yalijaa mpaka juu ya kabati. Mwanangu amehamia chumba chake karibu na kazini, kwa hiyo nyumba nimebaki mimi na kamba za nguo. Mpongeze binti kwa chuo. Mwambie ushonaji ni kazi nzuri, wewe unashona, mimi nafua, tunakutana kwenye vifungo.

Pole ya kifua. Na pole ya spika, ingawa mdogo wangu alinipigia kwa simu hiyohiyo juzi juzi na tukasikilizana vizuri, mpaka anavyomeza mate. Barua haikohoi, sivyo? Sikuulizi.

Dawa yenyewe ni rahisi. Kikombe kimoja cha siki, nusu kikombe cha magadi ya unga, na maji ya uvuguvugu, vyote kwenye chupa moja. Tia maganda ya ndimu kama unataka mbwembwe. Itafoka, na huko kufoka ndiyo nguvu yake. Funika, tikisa, pulizia, futa. Tumia hiyo hiyo kwa sakafu, meza, vioo na masinki.

Halafu nikwambie kitu kama dada. Ukiona haifanyi kazi usijilaumu. Miaka kumi na moja si haba. Kuna watu wanaacha kazi na maisha yao yanaendelea, wanapata muda wa kulala mchana na kusengenya majirani. Fikiria hilo.

Dobi


11 Machi

Wifi,

Ahsante kwa barua. Binti ameanza chuo na ameshajidunga sindano mara nne. Kusengenya majirani nitakuachia wewe, una kipaji.

Nilifunika na kutikisa kama ulivyosema. Kifuniko kiliruka kikapiga dari, jiko zima likalowa siki, na kitinda mimba akaomba nirudie. Mdogo wako alikuja akasimama mlangoni. Nikangoja anicheke, maana yule hunicheka hata nikikosea kifungo cha blauzi. Hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyesimama kituoni na ameshaliona basi lake kwa mbali. Sikupenda.

Nikatengeneza nyingine, nikaiacha wazi mpaka povu likaisha, nikaenda nayo shuleni. Wiki nzima nimepulizia na kufuta. Mafuta ya mikono ya watoto hayajatoka mezani. Gundi imekaa palepale. Vioo vimepata ukungu mweupe, mtu akiangalia nje anadhani mawingu. Jana Mama Pua akaja, akavuta hewa mara mbili.

"Leo hujadeki?"

"Nimedeki, mama."

"Mbona hapanuki?"

"Panuke nini?"

"Mahali safi pananuka dawa. Hapa hapanuki wala hapanukii." Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akapitisha kidole mezani na kukitazama. "Na pana mafuta," akasema.

La harufu ningeweza kumbishia, wifi, unanijua. La mafuta lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma. Nimekosea wapi? Vikombe vyako ni vya chai au vile vikubwa? Niandikie upesi, Juni haiko mbali.

Kifua kizuri, ahsante kwa kutouliza.

Mbishi


9 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, mashine ilikatika mkanda na nikafua kwa mkono siku tisa. Mwanangu hajambo, alikuja Jumapili akala akaondoka na sufuria yangu.

Ongeza siki. Ongeza na magadi. Kama haifai basi haifai, labda shule ina uchafu mkali kuliko wa huku. Mdogo wangu alipokuwa mtoto aliwahi kufungua redio ya baba ili aone watu waliomo ndani. Tulimpiga marufuku kushika bisibisi, na angalia leo anakula kwa bisibisi hiyohiyo. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo.

Wifi, mtu asiyeweza kumaliza ngazi za nyumbani kwake bila kupumzika mara mbili anagombania sakafu za watu za nini? Pumzika.

Dobi


16 Aprili

Wifi,

Salamu kwa mwanao. Sisi wazima. Leo salamu nimezifupisha makusudi, usitafute nyingine.

Juzi nilitandika vigae vitatu vya zamani kwenye meza ya jikoni, nikavipaka mafuta ya kupikia yaliyochanganyika na vumbi. Cha kwanza nikakisugua kwa siki peke yake. Cha pili kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, peke yake. Cha tatu kwa ule mchanganyiko wako, povu likiwa limeshaisha. Cha pili kiling'aa mpaka nikaona pua yangu. Cha tatu kilibaki na mafuta yake kama vile nimekiosha kwa maji ya kawaida. Nikakwangua ule ukoko mweupe wa bomba kwa siki peke yake, ukatoka. Kwa mchanganyiko wako, haukutoka. Kwa hiyo hivyo viwili ukivichanganya vinauana. Vinapiga kelele, vinatoa povu, na mwisho hakuna aliyebaki na nguvu.

Mimi nimelijua hilo kwa vigae vitatu na saa moja. Wewe umefua miaka thelathini. Usiniambie hukujua.

Halafu hizo ngazi. Mimi sikukuandikia habari ya ngazi, wala sijamwambia mtu. Aliyeniona nikipumzika ni mmoja tu, tunalala naye.

Mmeniingiza mjini, wewe na mdogo wako. Nilikuomba usinifiche kitu, ukanipa povu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliamini kosa ni langu. Nimesugua meza za watoto wadogo wiki sita nikijiona mjinga, na kila nikijiona mjinga ninaongeza siki.

Kazi siachi. Sasa ndiyo siachi kabisa. Nitaitafuta njia mwenyewe, kigae kwa kigae. Wewe niandikie ukweli, au usiniandikie.

Mbishi


20 Mei

Wifi yangu,

Salamu. Huku kila mtu mzima isipokuwa mimi, aibu imenilaza. Nimeanza barua hii mara tano. Hakuna mashine iliyoharibika safari hii.

Ni kweli nilijua. Siku nne baada ya barua yako ya kwanza mdogo wangu alikuja hapa, akakaa kwenye meza ya kupigia pasi, akasema, "Dada, akiendelea atakufa kwenye korido ya ile shule, na mimi hanisikilizi." Akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike mama. Akaniomba nikupe dawa isiyofanya kazi, ushindwe taratibu, uache mwenyewe bila mtu kukulazimisha. Nikaona ni uongo mdogo wa kuokoa mtu. Nikakuchagulia ule wenye povu kwa sababu unapendeza machoni.

Lakini si machozi yake tu yaliyonifanya nikubali. Hili sijamwambia mtu, hata mwanangu. Mimi sinusi, wifi. Mwaka wa nane sasa. Nilikuwa na mashuka yenye madoa ya kutu, nikayamwagia blichi, hayakutoka, nikaongeza dawa ya choo juu ya blichi hiyohiyo, ndani ya chumba cha kufulia, dirisha nimelifunga kwa sababu ya vumbi. Nilitoka natambaa. Nikamwambia kila mtu nina mafua. Kifua kilitulia baada ya miezi, ila pua haikurudi. Nikiunguza shati sijui mpaka nione moshi. Mashuka yakitoka kwenye kamba namwita jirani nikijifanya nataka aniangalizie madoa, kumbe nataka nione kama atakunja uso. Na blichi bado natumia. Siipimi, maana siisikii. Namimina mpaka roho itulie, na ikizidi mikono ndiyo inayoniambia.

Uliposema daktari ameweka kalamu chini, nilijiona mimi. Nikataka utoke kwenye kazi hiyo hata kwa kuburutwa. Ningekwambia hadithi yangu ingetosha. Nilishindwa kuisema, kwa hiyo nikakudanganya. Dobi asiyenusa ni nani? Nisamehe.

Sasa sikiliza, hii ni kweli yote.

Sakafu na meza: kwangua sabuni ya kipande kama unavyokwangua karoti, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya moto, na kijiko kimoja cha magadi. Vaa glavu, magadi yanakula ngozi. Gundi iache ilowe chini ya tambara la maji hayo wakati unafagia, usiisugue kavu. Vioo na masinki: siki na maji nusu kwa nusu, peke yake. Siki usiipeleke mahali penye sabuni, itaikata na kuacha utando wa mafuta. Ule ukungu wa vioo vyako ulikuwa magadi yaliyobaki. Na siki isikaribiane na blichi ya mwenzako hata kwa bahati mbaya. Ndoo zenu ziwe mbali, na matambara yenu yawe ya rangi tofauti.

Halafu kuna maji ya pili. Watu wote wanalaumu dawa, wifi, na kosa liko kwenye maji ya pili. Ukishasugua, rudia kwa maji matupu, safi, ubadilishe kila darasa. Usipofanya hivyo ile sabuni inabaki sakafuni na kesho yake inakamata kila vumbi linalopita. Inachosha mgongo. Ndiyo maana watu wanapenda harufu, harufu haina maji ya pili.

Mimi sina haki ya kukwambia jikaze, lakini jikaze kisabuni, umebakiza wiki tano.

Dobi


28 Juni

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa furaha, na goti lako pia. Binti ameshona gauni lake la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na amelivaa kanisani bila wasiwasi. Friji yetu imetengenezwa. Nilimwambia mdogo wako, mtu mwenye muda wa kusafiri kwenda kunichongea kwa dada yake ana muda wa kutengeneza friji.

Nilikaa naye nikamwambia, ukitaka kitu niambie mimi, mimi ndiye mkeo. Akasema huwa anahesabu pumzi zangu nikilala. Nikashindwa kumgombeza. Tumekubaliana nitakwenda kwa daktari kila mwezi na yeye atakuja, asikie kwa masikio yake, asiwe anakisia.

Maji ya pili yameniua mgongo na yameniokoa. Kwa siku tatu za kwanza sikuona tofauti. Ya nne nikaingia asubuhi, sakafu haikushika soli ya kiatu changu. Meza ziliacha kunata. Mwalimu wa darasa la wadogo akaniuliza kama tumebadilisha vioo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama Pua akaja na karatasi yake ya ukaguzi, mwalimu mkuu nyuma yake. Darasa la kwanza akavuta hewa. La pili akavuta tena. Akapitisha kidole mezani, chini ya meza, juu ya fremu ya mlango ambako hata mimi husahau. Kidole kikarudi kilivyokwenda. Akakasirika, nilimwona. Akasema, "Kwenye karatasi kuna mahali pa harufu. Niandike nini?"

Nikamwambia, "Andika unachokisikia."

Akavuta hewa kwa mara ya mwisho, muda mrefu, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Akaandika: Hakuna. Mwalimu mkuu akaisoma, akaniangalia, akatia sahihi. Nimebaki, wifi. Hata blichi ya vyoo sasa wataifungia kwenye kabati la nje.

Nimekusamehe tangu nilipoifikia ile sehemu ya jirani na mashuka, ila niliacha ukae kidogo na aibu yako, ilikustahili. Sasa zamu yako. Hukuweza kuniambia kwa sababu uliogopa mwenye nyumba ya wageni akijua atakunyang'anya kazi. Kamwambie. Na blichi itoke humo ndani. Sitaki ahadi, nataka kusikia imetoka. Ukichelewa kujibu nitajua mashine ipi imeharibika.

Mbishi


5 Julai

Wifi Mbishi,

Hii nakujibu siku tatu tu baada ya kuipata ya kwako, usizoee. Hongera. Nilisoma ile sehemu ya karatasi nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mwanangu alikuwepo, nikamwambia yote, ya mashuka na ya pua. Akainuka, akaenda kuniletea sufuria yangu.

Blichi imetoka. Imeondoka na gari la taka jana, chupa zote tano, na mimi nimesimama mlangoni mpaka likakata kona.

Kisha nikaenda kwa mwenye nyumba ya wageni kabla moyo haujageuka. Nikasimama mbele ya meza yake nikasema, "Mama, mimi sinusi. Huu mwaka wa nane. Nakufulia kwa kubahatisha." Nikangoja aniambie nikabidhi funguo za chumba cha kufulia.

Akavua miwani. Akasema, "Kumbe ndiyo maana. Miaka yote hii mashuka yananuka dawa mpaka wageni wanalala madirisha wazi. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, nikaona nitakuvunja moyo."

Miaka minane, wifi. Mimi namficha yeye, yeye ananionea haya mimi, na watu wamelala wakipigwa na baridi.

Amenipa mpaka mwisho wa Agosti nijaribu kwa sabuni, magadi na maji ya pili. Nimemwambia inatosha. Leo nimeanza na mashuka kumi na mawili, nimeyasuuza mara mbili kwa maji matupu, mgongo unalia, nami nimekataa kukaa. Njoo likizo ikianza. Huruma iache huko huko, njoo na mikono.

Dobi